Nyumba tatu za sanaa ya Nairobi: mwongozo kamili wa kuzizuru kwa siku mbili

Mgeni akiniuliza makumbusho ya sanaa ya Nairobi yako wapi, siwezi kumwonyesha mlango mmoja. Mkusanyo wa umma wa jiji hili umegawika nyumba tatu. Sehemu iko Moi Avenue, ndani ya jengo la Nyaraka za Taifa ambalo sote tunaliita Archives. Sehemu iko Nairobi Gallery, pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway. Sehemu iliyobaki iko katika Makumbusho ya Taifa, juu ya Museum Hill. Ukiingia nyumba moja tu utatoka na kipande cha hadithi, na kibaya zaidi utadhani umeiona yote.

Nimezunguka na watu wengi katika nyumba hizi: jamaa kutoka mashambani, wanafunzi, wageni wa kazini. Nilichojifunza ni kwamba mpangilio wa safari una uzito kuliko urefu wake. Ukianza Museum Hill, kama wafanyavyo wengi, unazama kwenye ndege waliokaushwa na mifupa ya kale, na ukifika kwenye sanaa miguu imechoka. Anza mjini, fuata nyayo za mwanasiasa na mkusanyaji wa sanaa aliyeitwa Joseph Murumbi, kisha ndipo upande kilimani. Huo ndio mpangilio wa mwongozo huu.

Kabla hujatoka nyumbani

Beba kitambulisho. Mkenya na mkazi hulipa kiingilio cha chini kuliko mgeni wa nje, lakini lazima uonyeshe hicho kitambulisho. Malipo ya taasisi za serikali siku hizi hupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa hiyo angalia bei za siku hiyo huko huko na uwe na pesa kwenye M-Pesa, usitegemee noti mfukoni. Begi liwe dogo, kwa sababu litakaguliwa mlangoni. Chukua daftari na penseli. Penseli ni bora kuliko kalamu popote penye karatasi za zamani na vitu vya thamani, maana wino ukidondoka hautoki.

Makumbusho ya Museum Hill na Nairobi Gallery hufunguliwa kila siku, saa mbili unusu asubuhi hadi saa kumi na moja unusu jioni. Archives ni ofisi ya serikali, kwa hiyo usiende Jumapili. Siku nzuri ya kuanza ni Jumanne au Jumatano asubuhi, kabla mabasi ya shule hayajafika.

Kingine ni macho. Mara ya kwanza nilipoingia Archives nilizunguka ukumbi mzima kwa robo saa, nikatoka nikijisikia nimeelimika, na jioni nikashindwa kumwelezea mke wangu hata kitu kimoja nilichokiona. Tangu siku hiyo nina sheria: katika kila nyumba nachagua vitu vitatu tu, na kila kimoja nakipa dakika kumi. Vingine navipita kwa salamu.

Siku ya kwanza, asubuhi: Archives

Maelfu ya watu wamewahi kuambiwa "tukutane Archives." Tumesimama nje, kando ya nguzo zile kubwa za mawe, tukisubiri rafiki, tukisubiri mvua iishe. Walioingia ndani ni wachache mno. Jengo lenyewe lilijengwa 1906 kwa ajili ya National Bank of India, wakati Nairobi ilikuwa bado kambi ya reli inayojifunza kuwa mji. Idara ya Nyaraka za Taifa iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965, na baadaye ikahamia humu.

Ghorofa ya chini ndiko kuna Murumbi Gallery, na hapa lazima tumfahamu mwenyewe.

Joseph Murumbi alizaliwa 1911 huko Eldama Ravine. Baba yake alikuwa mfanyabiashara Mgoa, mama yake Mmaasai. Alisomeshwa India. Wakoloni walipotangaza hali ya hatari 1952 na viongozi wa KAU (Kenya African Union), chama kilichodai uhuru, kukamatwa, yeye ni miongoni mwa walioshika usukani wa chama, kisha akaenda Uingereza na kuishi uhamishoni hadi uhuru ulipokaribia. Huko London, mbali na nyumbani, ndiko alikozama katika kutafuta vitabu na vitu vya Afrika vilivyokuwa vikiuzwa madukani kama takataka za safari. Baada ya uhuru akawa Waziri wa Mambo ya Nje, na 1966 akawa Makamu wa Rais wa pili wa Kenya. Mwaka huo huo akajiuzulu. Wanasiasa wengi wakitoka serikalini hutafuta njia ya kurudi. Murumbi alirudi kwenye mkusanyo wake.

Katika miaka ya 1970 aliuzia serikali vitabu vyake, vikiwemo zaidi ya 8,000 vya zamani, pamoja na kazi za sanaa na nyumba yake ya Muthaiga. Alitumaini nyumba ile iwe kituo cha kusomea mambo ya Afrika. Kituo hakikuwahi kuwako, nyumba ilichakaa, mwishowe ikabomolewa. Kwa hiyo unaposimama katikati ya ukumbi wa Archives, fahamu kwamba unachokiona ni kile kilichookoka, na kilikusudiwa kukaa mahali pengine, penye bustani.

Sasa jinsi ya kutazama. Ukumbi umejaa vitu kutoka pande zote za bara: vinyago, viti, nguo, mapambo, silaha, stempu. Usifuate kabati kwa kabati. Zunguka mara moja bila kusimama, kama unayepita sokoni kabla ya kununua, kisha rudi kwenye vitu vitatu vilivyokuvuta.

Chagua kimoja cha kukaliwa. Ukipata kigoda au kiti cha kuchongwa, usianze na nakshi. Anza na kalio lake, mahali ambapo mwili hugusa mti. Kama kimetumika, pale katikati mti utakuwa umeng'aa na kuwa mweusi kuliko kingo, kwa mafuta ya mwili na miaka. Inama utazame miguu, uone kama kimechongwa kutoka gogo moja au kimeunganishwa. Kigoda cha gogo moja hakina msumari wala gundi. Fundi aliona kiti ndani ya mti kabla hajaushika shoka. Ukishaona hivyo, nakshi utaielewa kwa namna nyingine, kwa sababu utajua ilikuja mwisho, kama hina baada ya kuoga.

Chagua kimoja cha kuvaliwa, nguo au kinyago. Kwa kinyago jiulize swali moja: aliyekivaa aliona kupitia wapi? Wakati mwingine ni tundu za macho, wakati mwingine ni mdomo, kwa sababu kinyago kilikaa juu ya kichwa. Swali hilo linakitoa kinyago ukutani na kukirudisha kwenye mwili wa mtu anayecheza, jasho likimtoka, ngoma zikilia. Ukutani kinyago ni nusu ya kitu.

Cha tatu chagua kwa moyo tu.

Kama unataka kwenda mbali zaidi ya kutazama, kuna chumba cha kusomea ambako unaweza kujiandikisha kama mtafiti na kuomba nyaraka. Wanaoandika habari za ukoo au za shule zao wamepata humo mambo yasiyopatikana popote. Hiyo ni safari ya siku nyingine. Lakini ulizia utaratibu ukiwa pale. Wahudumu hufurahi kumwona mtu aliyekuja kusoma.

Mchana: sanamu za njiani

Kutoka Archives hadi Nairobi Gallery ni mwendo wa takriban dakika ishirini kwa miguu. Usipande chochote. Barabara yenyewe ni sehemu ya mkusanyo, tena haina kiingilio.

Ukitoka tu mlangoni, Tom Mboya, waziri wa miaka ya mwanzo ya uhuru, amesimama mbele yako. Sanamu yake ilizinduliwa Oktoba 2011, si mbali na mahali alipopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969. Walio pembeni yake ni heroe, ndege warukao kwa makundi, kwa kumbukumbu ya wanafunzi aliowasaidia kusafirishwa kwenda vyuo vya Marekani. Watu hukaa hapo kula njugu bila kuwaangalia hao ndege. Waangalie wewe.

Vuka Moi Avenue uende hadi Kimathi Street. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, wa shaba nyeusi, kazi ya Kevin Oduor, alisimamishwa hapo 2007, miaka hamsini kamili baada ya kunyongwa. Mtazame ukiwa chini yake, kisha uvuke barabara umtazame ukiwa mbali. Ukiwa karibu unaona bunduki na nywele za misokoto. Ukiwa ng'ambo unaona jinsi alivyo mdogo kati ya majengo, na bado jicho linakwenda kwake.

Panda Kimathi Street hadi Kenyatta Avenue, upinde kushoto. Hapo kuna kazi ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo nzito kuliko zote za barabarani Nairobi, na ambayo wengi hawaijui hata jina. Ni sanamu ya watu watatu, iliyotengenezwa na James Alexander Stevenson na kuzinduliwa 1928, kuwakumbuka Waafrika na Waarabu waliotumika katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Wawili ni askari. Wa tatu ni mpagazi.

Simama hapo kwa muda. Maandishi ya chini yameandikwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Soma ya Kiswahili kwa sauti. Ni Kiswahili cha karibu miaka mia iliyopita, kina ladha yake. Yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba apiganiaye nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Kisha tafuta jina. Zunguka sanamu nzima. Hakuna hata moja. Makumi ya maelfu walikufa kwa maradhi, njaa na mizigo, na kumbukumbu yao mjini ni mtu mmoja wa shaba asiye na jina, na mtaa wa Kariokor, ambao jina lake ni matamshi yetu ya Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi. Mtazame huyo mpagazi usoni kabla hujaendelea. Mimi humsalimu.

Alasiri: Nairobi Gallery

Endelea na Kenyatta Avenue hadi mwisho, upite posta kuu na Nyayo House. Kajengo ka mawe kaliko kimya pale kwenye kona ya Uhuru Highway, magari yakikazunguka siku nzima, ndiko Nairobi Gallery. Kalijengwa 1913, kakawa ofisi ya mkuu wa mkoa. Humo ndimo walimoandikishwa watoto waliozaliwa, ndoa zilizofungwa na watu waliokufa. Wazungu wa zamani walikuwa na msemo wa utani kuhusu hayo mambo matatu kufanyika chini ya paa moja. Tena ndipo mahali ambapo umbali wa barabara za Kenya ulihesabiwa kuanzia: ukisikia Mombasa iko kilomita kadhaa kutoka Nairobi, hapo ndipo sifuri.

Mwaka 2005 jengo lilifunguliwa kuwa nyumba ya maonyesho chini ya Makumbusho ya Taifa. Na hapa Murumbi anarudi, safari hii pamoja na mkewe, Sheila. Baada ya kuuza sehemu kubwa ya mkusanyo, waliendelea kukusanya. Murumbi alikufa 1990, Sheila 2000. Kilichobaki kilitunzwa, na sehemu yake ndiyo imekuwa ikionyeshwa katika vyumba hivi.

Tofauti na Archives utaihisi mara moja. Kule ni ukumbi mkubwa, vitu vimesongamana kama ghalani. Hapa ni vyumba vidogo, na kila chumba kinakaribia kuwa sebule. Kwa hiyo badilisha mwendo: ingia chumba, kaa katikati, geuka polepole. Tafuta vitu vya nyumbani, vilivyochaguliwa na watu wawili walioishi navyo na kuviona kila asubuhi wakinywa chai. Hiyo ndiyo ladha ya mahali hapa, na mtu asiyeijua hutoka akisema ni padogo.

Jina jingine utakalolikuta ni Alan Donovan, Mmarekani aliyefika Kenya karibu 1970 akahamia moja kwa moja. Yeye na akina Murumbi walianzisha African Heritage mwanzoni mwa miaka ya 1970, duka na ukumbi wa sanaa kutoka Afrika nzima, wakati maduka mengi ya mjini yalikuwa yakiuza twiga wa mbao kwa watalii. Donovan alikufa 2021, na ndiye aliyepigania kwa miaka mingi ili mkusanyo wa rafiki yake uonekane.

Uliza pia kama kuna kazi za kizazi cha kwanza cha wasanii wa kisasa wa Afrika Mashariki zinazoonyeshwa siku hiyo. Majina ya kukumbuka ni Francis Nnaggenda, mchongaji kutoka Uganda. Elkana Ong'esa, fundi wa jiwe la Kisii, ambaye ndege wake wa amani yuko makao makuu ya UNESCO kule Paris. Na Jak Katarikawe, Mganda aliyeishi na kuchora Nairobi hadi alipofariki 2018, ambaye ng'ombe wake huonekana kama wamo katikati ya ndoto. Maonyesho hubadilika, kwa hiyo usichukie ukimkosa mmoja wao. Uliza kwa jina. Mhudumu akiona unajua unachokitafuta, mara nyingi atakufungulia mazungumzo ambayo hakuna kibandiko kinachoweza kuyabeba.

Ukitoka, kaa kidogo bustanini kabla ya kurudi mjini. Siku ya kwanza imetosha.

Siku ya pili, asubuhi: Museum Hill

Panda matatu ya Westlands, umwambie makanga akushushe Museum Hill.

Historia fupi, kwa sababu inaeleza kwa nini sanaa imekaa ilipokaa. Makumbusho haya yalianzishwa na chama cha walowezi na wataalamu waliopenda viumbe: vipepeo, ndege, mimea. Ilikuwa 1910, mahali ambapo sasa pana Nyayo House, yaani jirani kabisa na ulikokuwa jana. Mwaka 1922 wakahama, na jengo la hapa kilimani likafunguliwa 1930 kwa jina la Coryndon, gavana aliyekuwa amefariki. Baada ya uhuru likawa Makumbusho ya Taifa. Yalifungwa 2005 kwa ukarabati mkubwa yakafunguliwa tena 2008. Unaona basi: nyumba ilijengwa kwa ajili ya viumbe na mawe, na sanaa ikaja kama mgeni aliyepewa chumba. Ndiyo maana lazima uitafute.

Kwa siku hii, acha mafuvu. Najua ni dhambi kusema hivyo, maana mifupa ya mtoto wa Turkana, binadamu wa kale aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu 1984, ni hazina ya ulimwengu mzima. Lakini inastahili siku yake. Msalimie Ahmed uani, ndovu wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Rais Kenyatta hadi alipokufa 1974. Huyo aliye uani ni sanamu ya ukubwa wake halisi. Kisha nenda kwenye vibuyu.

Utavikuta vimepangwa pamoja, vibuyu vya jamii mbalimbali za Kenya. Nilikwenda hapo mara moja na shangazi yangu, aliyekuja Nairobi kwa matibabu na alikuwa na asubuhi moja ya bure. Kwenye mifupa alipita bila neno. Kwenye vibuyu akasimama, akavua miwani, akaifuta kwa leso, akaivaa tena.

"Shangazi, umechoka? Tukae?"

"Ngoja, mwanangu. Hiki kimeshonwa."

Alikuwa ameona mstari mwembamba kwenye shingo ya kibuyu kimoja. Kilikuwa kimepasuka, na mtu alikuwa ametoboa vitundu pande zote mbili za ufa, akapitisha uzi, akavuta hadi kingo zikakutana. Mishono ilikuwa sawa kama ya nguo ya harusi. Akanieleza kwamba unatoboa polepole, ukiharakisha unaongeza ufa. Kwamba kibuyu cha maziwa kilichozoea moshi na maziwa hakitupwi, kwa sababu kipya kitayafanya maziwa yawe na ladha ya kigeni kwa muda mrefu. Nilikuwa nimepita pale labda mara kumi. Sikuwahi kuuona ule uzi.

Kwa hiyo hatua ya hapa ni hii: usitafute kibuyu kizuri, tafuta kilichotengenezwa. Soma mshono. Na kama una mzee nyumbani, mlete hapa kabla ya kumleta mahali pengine popote.

Kisha uliza picha za Joy Adamson. Wengi wanamjua kwa habari za simba, lakini alikuwa mchoraji kabla ya hayo. Alifika Kenya 1937, akaanza na maua, na mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ikamwagiza achore watu wa makabila ya Kenya wakiwa na mavazi na mapambo yao. Alichora mamia. Makumbusho yanahifadhi mkusanyo huo pamoja na maua yake.

Picha hizi zinahitaji macho mawili. La kwanza litazame ufundi: jinsi ushanga ulivyohesabiwa punje kwa punje, jinsi ngozi ya mbuzi inavyoning'inia tofauti na kitambaa. Mavazi mengine yanayoonekana humo huwezi kuyapata yakivaliwa tena, na mafundi wa leo huja kuyachunguza. La pili litazame uso. Mtu huyu aliketi kwa saa nyingi mbele ya mgeni. Je, anamtazama mchoraji au amegeukia pembeni? Jina lake limeandikwa, au limeandikwa kabila tu? Ukikuta kabila tu, mkumbuke yule mpagazi wa Kenyatta Avenue. Mimi nazipenda picha hizi na zinaniuma kwa wakati mmoja.

Ndani ya makumbusho pia kuna Creativity Gallery, chumba cha maonyesho ya wasanii walio hai. Maonyesho hubadilika mara kwa mara, na mara nyingi msanii mwenyewe yuko pale pale. Mpe mkono, muulize alianza na rangi gani. Ni swali rahisi, tena hulijibu kwa furaha.

Kuna jambo moja la mwisho la kufanya kilimani, nalo ni kutazama kisichokuwepo. Mwaka 2021 makumbusho haya yalifanya onyesho lililotokana na kazi ya kuorodhesha vitu vya Kenya vilivyoko katika makumbusho ya nje. Orodha ilipita vitu 32,000. Kati ya vilivyoondoka, vinavyoumiza zaidi ni vigango vya Wamijikenda, nguzo za mti zilizochongwa kwa heshima ya wazee wa chama cha Gohu waliofariki. Kigango hakihamishwi. Kikisimikwa kinakaa hadi mchwa na mvua vikimalize, kwa sababu ndimo alimo marehemu. Vingi viliibwa kuanzia miaka ya 1970 na 1980 vikauzwa kama mapambo. Makumbusho kadhaa ya Marekani yamerudisha, likiwemo la Denver lililotoa vigango 30. Muulize mhudumu habari zake. Na ukikutana na kigango popote, kiwe ndani ya kioo au kwenye duka, jua kwamba umesimama mbele ya mtu.

Ukiwa na watoto

Wape kazi moja: wachague kitu kimoja wakichore, hata vibaya. Mtoto anayechora hakimbii ukumbini. Vibandiko vingi ni vya Kiingereza, kwa hiyo msomee kwa Kiswahili, na ukikosa neno mwulize mtu mzima aliye karibu. Nimeona ubishi mtamu ukizuka kati ya watu wasiojuana kuhusu kama kitu fulani ni gudulia au mtungi. Saa mbili zinatosha. Baada ya hapo ni nyoka wa bustani ya nyoka tu watakaowashika.

Wanaofanya kazi leo

Nyumba za umma zina historia, lakini mengi ya sasa yako kwingine, na hizi zihifadhi siku ya tatu. Nairobi Contemporary Art Institute, iliyoanzishwa na mchoraji Michael Armitage, ilifungua kumbi zake Rosslyn mapema 2022 kwa maonyesho makubwa ya Sane Wadu, mwalimu aliyeacha chaki akashika brashi. Haiuzi picha, inahifadhi na kufundisha. Circle na One Off ni kumbi za kuuza, na kutazama ni bure, usiogope kuingia na viatu vya vumbi. Kwenye karakana zinazoitwa Kuona, kule mtaa wa Kilimani, unaweza kuwakuta wasanii wakiwa kazini. Banana Hill iko nje kidogo ya mji na ina roho ya kijiji.

Paa ya Paa, kule Ridgeways, ndiyo mzee wa zote. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu aliyechora Yesu Mwafrika kwenye kuta za kanisa la Murang'a mwaka 1959, aliianzisha pamoja na wenzake 1965. Jina linacheza na paa mnyama na kupaa angani. Moto wa 1997 uliteketeza sehemu kubwa ya kazi zilizokuwa humo. Nenda ukiwa na muda, na upige simu kwanza.

Siku ya pili, alasiri: City Park

Safari inaishia makaburini. Kutoka Museum Hill chukua teksi au boda hadi City Park, Limuru Road. Ni mwendo mfupi. Usibebe chakula mkononi: kima wa msitu ule wanajua mfuko wa njugu hata ukiwa umeufunga, na watakupokonya mbele ya walinzi.

Uliza bustani ya Murumbi. Pio Gama Pinto, mwandishi na mpigania uhuru aliyepigwa risasi mbele ya nyumba yake Februari 1965, amezikwa katika makaburi ya hapa. Alikuwa rafiki mkubwa wa Murumbi, na Murumbi aliomba azikwe karibu naye. Sheila naye yuko hapo. Bustani iliyowazunguka ina sanamu za wasanii aliowapenda na kuwanunulia kazi zao wakati hakuna aliyewanunulia, Ong'esa na Nnaggenda wakiwemo.

Tofauti na Archives na Nairobi Gallery, hapa hakuna kioo. Jiwe linalowa mvua, majani yanaangukia mabega ya sanamu, ndege wanatua. Chagua vitu vitatu, kama kawaida. Weka kiganja juu ya jiwe lililokaa juani tangu asubuhi, usikie joto lake. Kisha tafuta kaburi la Pinto, uhesabu hatua kutoka la mmoja hadi la mwenzake. Toka kabla giza halijaanza kuingia. Matatu za kurudi mjini utazipata Limuru Road.